Simbilisi Asiyekula

Kuna mifugo inayohesabiwa na mifugo isiyohesabiwa. Hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini, mwulize mwenye nyumba ana mifugo gani, naye atakutajia ng'ombe wake wawili, nguruwe, mbuzi na kuku. Simbilisi hatawataja, ijapokuwa huenda wako kumi na tano au ishirini jikoni mwake, wanapita kati ya mafiga na chini ya kitanda cha mpishi. Ukimkumbusha atacheka na kusema, "Aa, Mwalimu, hao ni wa watoto."

Kwa sababu hahesabiwi, simbilisi akiugua haitwi mtu. Ng'ombe akikohoa usiku, asubuhi afisa mifugo yuko zizini. Simbilisi akijikunyata pembeni, mwenye nyumba husema, "Huyo anaondoka," na mara nyingi maneno hayo huwa ndiyo matibabu yote aliyopata. Nataka kuandika habari za tumbo la mnyama huyu, nikijua kwamba wapo watakaosema mzee amekosa la kuandika. Nawaomba wavumilie kurasa chache.

Simbilisi si mwenyeji wa bara letu. Aliyemfuga kwanza ni watu wa milima ya Andes, huko Amerika ya Kusini, maelfu ya miaka iliyopita, nao walimla kama sisi tunavyomla. Katika karne ya 16 meli zilimfikisha Ulaya, na huko baadhi ya watu wakamgeuza mnyama wa kubembelezwa na watoto. Wenzetu wa Kivu, nchini Kongo, humwita dende, na kwao kama kwetu yuko jikoni na yuko sufuriani. Ni mnyama mpole, hana kucha za kutisha, na mtoto wake huzaliwa na manyoya yake yote na macho wazi, akaanza kutafuna majani kabla ya siku nyingi kupita.

Upole wa nje unaficha tumbo gumu kulielewa. Meno ya simbilisi, ambayo ni 20, hayaachi kukua maisha yake yote. Hupunguzwa na kazi ya kutafuna. Mwanzoni mwa utumbo wake mpana kuna mfuko mkubwa, na mfuko huo peke yake hubeba zaidi ya nusu ya vyote vilivyomo katika njia ya chakula. Humo wanaishi bakteria wasiohesabika, na kazi yao ni kuchachusha nyuzinyuzi za majani ambazo tumbo lenyewe lisingeziweza. Kinyesi kingine laini hukila tena papo hapo kinapotoka, ili virutubisho vilivyoponyoka safari ya kwanza vikamatwe safari ya pili. Tusimcheke, ndivyo alivyoumbwa, na akizuiwa hudhoofika.

Basi simbilisi ni kama mwenye shamba aliyeajiri vibarua wengi. Vibarua hao wamezoea majani. Ukiwaletea ghafla ugali, pumba nyingi, mkate au vitu vitamu, wale wema hupungua na wabaya huongezeka. Gesi hujaa au kuhara huanza. Wala hana njia ya kujitua mzigo, kwa maana simbilisi hawezi kutapika. Kilichoingia lazima kipite njia nzima. Na mwendo huo hauendi wenyewe. Nyuzinyuzi zinazoingia ndizo zinazousukuma, hivyo akiacha kula, tumbo nalo husimama. Tumbo likisimama, hamu ya kula huzidi kupotea. Ndiyo maana wajuzi husema simbilisi aliyekaa nusu siku hadi siku nzima bila kula yumo hatarini tayari.

Mambo haya niliyajua kwa sehemu, kwa kuwa nilifundisha baiolojia kabla ya kupewa uongozi wa shule. Lakini kujua ubaoni ni jambo moja, na kujua sakafuni, ukiwa umepiga magoti usiku na taa mkononi, ni jambo jingine.

Mjukuu wangu alikuja kuishi nasi, nje kidogo ya mji wa Njombe, akiwa na umri wa miaka tisa. Mama yake, binti yetu wa tatu, tulimzika mwaka 2022. Mtoto huyo alitoka Dar es Salaam, kwenye joto na kelele, akaingia katika ukungu wetu na ukimya wetu, na kwa wiki kadhaa hakutuongezea kelele yoyote. Aliitika, aliamkia, aliosha vyombo, kisha alikaa. Chakula alikigusa tu. Bibi yake alimpikia kila alichokijua, na kila jioni sahani ilirudi ikiwa imechokonolewa pembeni.

Ni huyo bibi yake aliyemletea simbilisi jike kutoka kwa dada yake kijijini, mwenye mabaka meupe na ya kahawia. Mtoto alimwita Madoa. Siku ya pili nikasikia sauti nyuma ya jiko. Mtoto alikuwa akimsimulia Madoa habari za shule, mwalimu gani mkali na nani alikaa na nani. Tangu siku hiyo alikuwa akienda mwenyewe kukata ukoka na kuchuma mchunga, na akirudi alikuwa na njaa. Hatukusema neno. Wazee hawaliamshi jambo jema lililolala vizuri.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata tulikuwa na sherehe ya kipaimara kwa jirani, na wageni wengine walilala kwetu. Watoto wa wageni walimpenda Madoa kwa namna watoto wanavyopenda, yaani kwa kumlisha. Alikula ugali, akala biskuti, akala majani ya kabichi yaliyokaa kwenye ndoo tangu jana yake, na hakuna aliyejua hesabu ya yote. Jumatatu asubuhi mjukuu wangu alikuja mlangoni kwangu kabla ya kuvaa sare. Alisema, "Babu, Madoa hali."

Nilimkuta amejikunja pembeni mwa sanduku, manyoya yamesimama, macho nusu yamefumba. Chini yake palikuwa pamelowa, na manyoya ya nyuma yalikuwa yamegandamana kwa uharo. Nilimgusa tumbo. Lilikuwa laini, nami nikashukuru, kwa sababu tumbo lililokaza kama ngoma ni habari nyingine: hiyo ni gesi iliyojaa, na hapo hakuna la kungoja, ni kumtafuta mganga wa mifugo saa hiyo hiyo. Mtoto alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenikumbusha jambo la dukani, "Mama naye aliacha kula kwanza."

Nimesimama mbele ya wanafunzi wengi maishani mwangu na nimetoa majibu mengi. Hilo halikuwa na jibu la haraka. Nilitaka kumwambia Madoa atapona, lakini sikujua kama atapona, na mtoto aliyezika mama yake husikia uongo wa wakubwa kutoka mbali. Nikamwambia, "Ni kweli, mama yako aliacha kula. Ugonjwa wa mama ulikuwa mwingine na huu ni mwingine. Sijui kama Madoa atapona. Ila yapo mambo ya kufanya, nasi tutayafanya yote, wewe na mimi." Akauliza, "La kwanza lipi?" Hapo nikajua kwamba tunaweza kuanza.

Nilimpigia simu afisa mifugo wa kata. Ni kijana, na nilitegemea huenda angecheka. Hakucheka. Aliuliza maswali matano au sita kwa utaratibu, amekula nini, lini, anahara au amejaa gesi, anakunywa, amekonda kiasi gani, kisha akatuelekeza. Kwa faida ya msomaji ambaye siku moja atasimama pale tuliposimama, nayaandika kama tulivyoyatenda.

Tuliondoa kila kilicho kibichi na kila cha nafaka, tukamwachia majani makavu tu, yale yaliyokaushwa juani ambayo wataalamu huyaita hei, pamoja na maji safi. Tulibadilisha matandiko yote. Tulimsafisha nyuma kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, tukamkausha vizuri, maana inzi hupenda mahali pa namna hiyo, na funza wakiingia kazi huwa mara mbili. Njombe ni baridi, hivyo tulijaza chupa maji ya moto kiasi, tukaifunga kwa kanga ya zamani, tukailaza ubavuni mwake, huku tukimwachia nafasi ya kusogea mbali akitaka.

Kisha kulisha. Majani makavu tuliyatwanga kinuni, tukayachekecha, tukayakoroga kwa maji ya uvuguvugu mpaka yakawa uji mwepesi. Tulinunua bomba la sindano dukani, bila sindano yenyewe. Bomba huingizwa pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, na uji husukumwa tone kwa tone huku ukingoja ameze. Ukisukuma kwa pupa, uji huingia kwenye mapafu, na hapo utakuwa umemwua kwa wema wako. Tulimpa kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku, na baina ya chakula na chakula matone ya maji. Tulimpa pia kipande kidogo cha pilipili hoho kilichopondwa, kwa kuwa simbilisi, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini mwake, na mgonjwa huihitaji zaidi.

Habari hiyo ya vitamini nilimsimulia mtoto usiku, tukingoja saa ya bomba ifike. Mwaka 1907 wanasayansi wawili wa Norwei, Axel Holst na Theodor Frølich, walitangaza kwamba simbilisi waliolishwa nafaka tupu walipata ugonjwa kama kiseyeye kilichokuwa kikiwaua mabaharia. Kwa kumchunguza mnyama huyu mdogo, watu walipata njia ya kuujua ugonjwa wao wenyewe. Mtoto alifikiri kidogo, akasema, "Kwa hiyo tunawadai deni." Nikasema sisi ndio tunaodaiwa. Akasema, "Ndivyo nilivyotaka kusema."

Siku ya pili hali ilikuwa mbaya zaidi. Asubuhi ya kwanza tulikuwa tumempima kwenye mizani ya dukani, akawa na gramu 620. Sasa alikuwa na 585. Na siku hiyo walikuja washauri. Mmoja, ndugu wa upande wa ndoa, alisimama juu ya sanduku na kusema mbele ya mtoto kwamba kabla hajafa ni afadhali achinjwe, kwa nini tupoteze kitoweo. Sikumlaumu, hayo ndiyo aliyoyakuta kwao. Nilimwambia tu kwamba mnyama anayehara haliwi, kwa sababu baadhi ya vijidudu vya tumbo lake humpata na mtu, na kwamba ndiyo maana sisi wenyewe tulinawa kwa sabuni kila tulipomshika.

Mwingine alikuwa jirani yangu, mtu mwema asiyeweza kumwona mwenzake kwenye shida akalala. Alikuja na kapsuli mbili nyekundu na njano katika kiganja. "Mwalimu, fungua hii umtilie kwenye maji. Hata tumbo langu hupona kwa hii." Zilikuwa za amoksilini. Nilimkaribisha kiti, nikamshukuru, na nikakataa.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu naamini simbilisi wengi wa majumbani wamekufa kwa wema wa namna hii. Dawa za jamaa ya penisilini, ambazo zimeokoa binadamu wasio na idadi, mdomoni mwa simbilisi ni sumu. Haziwachagui vibarua, huwaua wale wema waliomo katika ule mfuko mkubwa, na nafasi yao huchukuliwa na bakteria wabaya wanaotoa sumu. Baada ya siku chache mnyama hufa, na mwenye nyumba husema ugonjwa ulikuwa mkali. Hili si jambo jipya. Mwaka 1943 watafiti waliandika kwamba penisilini ilikuwa ikiwaua simbilisi wa maabara. Na miaka mitatu nyuma yake, tarehe 25 Mei 1940, Howard Florey na wenzake kule Oxford walikuwa wamewaambukiza panya wanane ugonjwa, wakawapa wanne penisilini, na hao wanne ndio waliopona. Laiti siku hiyo wangekuwa wamechukua simbilisi badala ya panya, huenda dawa ile ingetupwa. Jirani yangu alisikiliza yote hayo, akazitazama kapsuli zake, akasema, "Kumbe dawa nayo inataka kujua inaingia kwa nani." Sijasikia mkufunzi aliyelisema vizuri zaidi. Zipo dawa za bakteria ambazo simbilisi huzivumilia, lakini kuchagua ni kazi ya mganga wa mifugo, si ya kabati la nyumbani.

Jioni ile afisa mifugo alitushauri jambo moja zaidi. Tuchukue kinyesi kibichi cha simbilisi mwenye afya, tukiyeyushe katika maji kidogo, tumpe Madoa kwa bomba, ili wale vibarua wema warudi kazini. Bibi yake alituangalia kama watu walioharibikiwa na akili. Hata hivyo ni yeye aliyekwenda kwa mama mmoja wa mtaa wa pili kuomba punje hizo, na nadhani ndiyo mara ya kwanza katika mtaa ule mtu kubisha hodi kwa haja kama hiyo.

Siku ya tatu gramu zilikuwa 570. Usiku wa siku hiyo mtoto hakutaka kula. Nilimwekea sahani, nikakaa mbele yake na sahani yangu, nami sikula. Akauliza kwa nini sili. Nikamwambia muuguzi asiyekula hufanya kazi nusu, nami nilikuwa namngoja muuguzi mwenzangu. Alitazama sahani kwa muda mrefu, kisha akala. Sikumhubiria chochote.

Alhamisi alfajiri nilisikia miguu ikikimbia ukumbini, na mlango wangu ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa ameunyoosha mkono, na katikati ya kiganja palikuwa na punje tatu za kahawia, ngumu, ndefu kiasi kama punje ya mchele iliyonenepa. "Babu! Amekunya!" Bibi yake aliamka, mimi niliamka, na sote watatu tukasimama chini ya taa tukikitazama kinyesi cha simbilisi kwa furaha ambayo sijaiona hata siku za matokeo ya mtihani. Tulipofika jikoni tulimsikia kabla ya kumwona: Madoa alikuwa akitafuna majani makavu. Mizani ilisema 580. Majani mabichi tulimrudishia polepole, kiganja leo, viwili kesho, tena yaliyonyauka kidogo na yasiyo na umande.

Nimeyafikiria mambo haya mara nyingi tangu wakati ule. Simbilisi ni mnyama wa kuwindwa, na mnyama wa kuwindwa huficha ugonjwa wake, kwa sababu porini anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa. Halii, hachechemei. Hukaa tu na kupungua. Anayetaka kujua hali yake hana budi kuangalia vitu viwili vya aibu na vya kawaida, kilichoingia na kilichotoka.

Kwa miaka mingi nilikuwa mkuu wa shule ya bweni, na nilizoea kupita bwaloni wakati wa chakula cha jioni. Walimu vijana walidhani natafuta wenye kelele. Wenye kelele hawakunitia wasiwasi. Mwenye kelele amekwisha kukuambia shida yake. Nilikuwa natafuta sahani iliyojaa mbele ya mtoto aliyenyamaza. Nyuma ya sahani kama hiyo nilikuta barua ya msiba, ada isiyolipwa, mimba, malaria, na safari moja nilikuta mvulana aliyekuwa akimbakizia chakula mdogo wake. Chuoni tulifundishwa kuandika maandalio ya somo, malengo yake na zana zake, na ni mafunzo mazuri ambayo sitayadharau. Kuangalia sahani nilijifunza kazini, na sasa najua kwamba kazi hiyo haikuisha nilipostaafu.

Nao wanaouliza kama inafaa kukesha siku tatu kwa mnyama ambaye wengine wanamtia sufuriani, nawajibu kwamba sina ugomvi na sufuria. Nyama ya simbilisi imewalea watoto wengi wa milima hii, na mwenye kumfuga kwa kitoweo ana sababu zile zile za kumtunza tumbo: ampe majani makavu kila siku, asimbadilishie chakula ghafla, asimpe yaliyooza wala majani ya mparachichi, ambayo kwake ni sumu, hata kama siku hizi miparachichi imejaa kila shamba. Gharama ya kumponya Madoa haikufikia bei ya kuku mmoja. Zaidi ya hiyo zilikwenda saa zetu tu, na mstaafu ana saa.

Mjukuu wangu anayo daftari ambamo huandika uzito wa simbilisi kila Jumamosi. Watoto wa jirani wameanza kuleta wa kwao wapimwe pia, naye huwauliza maswali kwa mpangilio, amekula nini, lini, anahara au amejaa gesi. Akimaliza humgeukia mwenye mnyama na kumwuliza kama yeye mwenyewe amekula.